Uboho wa Akika

Asubuhi ya tatu baada ya Idi ya kuchinja, Mwajabu alinyoosha mkono wa kulia kupokea uji, na wa kushoto haukuja.

Mama yake, Mwanahalima, alidhani ni mchezo. Mtoto alikuwa wa miaka miwili, umri wa kukataa kila kitu: kukataa kunawa, kukataa kulala, kukataa hata kuja akiitwa kwa jina lake. "Lete na mkono wa pili, mama," akamwambia. "Bakuli hili zito."

Mwajabu aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayetazama kitu cha jirani. Ulikuwa umelala pajani. Mwanahalima akauinua, akauachia, nao ukaanguka polepole, laini, kama kitambaa kilicholoa. Mtoto hakulia. Mama akaupapasa kuanzia kiwikoni hadi kwenye kiganja. Alikuta ngozi. Alikuta nyama. Mfupa hakuukuta.

Akaketi chini kwenye mkeka. Alijua ni mkono upi, na alijua ni kwa sababu gani.

Walikuwa ugenini, mbali sana na watu wao. Mumewe, Abdulghani, mzaliwa wa Pangani, aliuza nguo na chumvi, na huko Ihanda, katika nchi ya Karagwe, alikuwa amejenga nyumba ya pembe nne katikati ya nyumba za msonge. Kutoka pwani mpaka pale ni miezi mitatu ya kutembea. Mwajabu alizaliwa njiani, baada ya Tabora, ndani ya hema, mvua ikipiga. Na kwa kuwa hapakuwa na mbuzi wala nafasi, akika yake, mbuzi wa kuchinjiwa mtoto mchanga, ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena walipofika, kwa sababu ya nyumba. Ikaahirishwa tena kwa sababu ya sotoka, ule ugonjwa ulioua ng'ombe wa Karagwe hata mabonde yakanuka kwa mwezi mzima.

Mwaka ule Idi kubwa iliangukia wakati wa kipupwe. Kipupwe cha Pangani ni upepo mtamu, mtu hujitanda kanga akaketi barazani. Kipupwe cha Karagwe ni ukungu. Hushuka kabla ya alfajiri, huingia nyumbani bila kubisha hodi, hukaa juu ya vyombo na nywele za watu mpaka jua lipande. Mwajabu hakuuzoea. Kila alfajiri meno yake machache yaligongana, ta-ta-ta-ta, sauti ndogo, ya haraka, na kwa sauti hiyo mama yake aliamka kila siku, akamvuta kifuani, akampulizia pumzi vidoleni. Jirani yao Nyamwihura, mjane wa Kinyambo mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa, alimletea mtoto rubugo, nguo ya gome la mti, nyekundu kama udongo. "Mfunge hii," alisema. "Hizo nguo zenu za dukani ni za kupendezea. Ukungu wetu haupendezewi."

Siku ya Idi, Mwalimu Shehe alikuja kutoka Kituntu, alikokuwa akiwasomesha watoto wa wafanyabiashara. Akasalisha, kisha akamchinja mbuzi wa Mwajabu mwenyewe. Alilitaja jina la mtoto na la baba yake, akasema yale yanayosemwa: damu yake kwa damu yake, nyama yake kwa nyama yake, mfupa wake kwa mfupa wake.

"Mkateni kwenye viungo tu," aliagiza. "Mfupa wa akika hauvunjwi. Mkishakula, kusanyeni yote, mifupa na kichwa, ifungeni katika ngozi yake, muizike."

Majirani wakala, wakashukuru, wakatafuna buni zao za kahawa kama desturi ya huko. Nyamwihura aliushika mfupa mmoja mtupu, akaugeuzageuza.

"Kumbe mnauzika na uboho wake?" aliuliza.

"Ndiyo desturi yetu, bibi," Mwanahalima alijibu. "Mbuzi huyu ni fidia ya mtoto."

"Mwaka wa njaa hivi! Mbwa wangu akisikia habari hii atalia mpaka asikike Nyakakika."

Wakacheka wote. Mwanahalima alicheka zaidi, kwa sababu siku ile alikuwa na furaha. Lakini jioni ukungu uliwahi kushuka. Mtoto akakohoa, midomo ikabadilika rangi, meno yakaanza, ta-ta-ta-ta, hata alipofunikwa nguo tatu. Mwanahalima alikuwa jikoni peke yake na karai la mifupa iliyokusanywa. Nyanyake, huko Pangani, alimponya kila kifua kwa uboho wa moto na tangawizi. Akautazama mfupa wa mguu wa mbele, wa kushoto. Mmoja tu, alisema moyoni. Mifupa yote hii, nani atauona mmoja?

Akaupiga kwa mchi. Ukavunjika kwa sauti kubwa kuliko alivyotarajia.

Mwajabu aliulamba uboho mpaka kwenye vidole vya mama yake. Akalala usingizi mzito, wa joto, bila meno kugongana. Lakini mfupa ule sasa ulikuwa vipande viwili, na Abdulghani ndiye angeifunga mifupa katika ngozi. Mwanahalima alitoka mlango wa uani akavitupa vipande migombani, akarudi akanawa mikono. Mumewe akaizika mifupa iliyobaki nyuma ya jiko, akaishindilia kwa mguu. Hakuhesabu.

Kesho yake asubuhi, ndani ya ukungu, ilisikika sauti migombani. Kach. Kimya. Kach. Mwanahalima alisema ni mbwa wa Nyamwihura. Asubuhi iliyofuata aliisikia tena, na mara hii ikaja na harufu ya uboho unaochomwa, harufu nzuri ya kutamanisha, na chini yake harufu nyingine, ya ngozi mbichi iliyoachwa kwenye maji.

Asubuhi ya tatu, mkono wa mtoto ulikuwa hauna mfupa.

Alimlaza Mwajabu kitandani, akafungua mlango wa uani. Ukungu ulikuwa mzito hata mgomba wa kwanza ulionekana kama kivuli cha mgomba. Na pembeni ya shina la mgomba huo, kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili, palichomoza mkono mdogo wa kushoto. Ulikuwa umenyooshwa, kiganja juu, vidole vikifumba na kufumbua, vikifumba na kufumbua, kama Mwajabu afanyavyo akitaka kitu. Mwanahalima alikwenda. Hakujua miguu ilimpelekaje, lakini alikwenda, akauzunguka mgomba akitarajia kumkuta mtoto wa mtu, mtoto yeyote, mtoto mwenye kichwa na kiwiliwili na mama wa kumgombeza, na nyuma ya shina hapakuwa na mtu, ulikuwepo mkono peke yake, umetulia hewani, na mahali ambapo bega lingekuwapo ulikuwapo ukungu.

Alirudi kinyumenyume mpaka ndani, akasukuma komeo.

"Mtoto ana nini?" Abdulghani aliuliza kwa sauti ya chini alipouona mkono. "Amelala vibaya? Ameanguka?"

"Baridi," Mwanahalima alisema. "Nafikiri ni baridi, Baba Mwajabu."

"Baridi ya kuyeyusha mfupa?"

Alikumbuka maneno ya mama mkwe wake siku walipoondoka Pangani, aliyoyasema mbele ya watu bila kupunguza sauti: mtoto akidhurika kwa mkono wa huyu, mwache huko huko, mtoto umlete. Mwanamke akiachwa Pangani hurudi kwa ndugu zake kabla ya magharibi. Akiachwa Ihanda, arudi kwa nani? Na ni nani angemwachia Mwajabu, mwanamke aliyeivunja fidia ya mwanawe mwenyewe?

Akasema tena, "Baridi."

Asubuhi ya tano ulikwenda mguu wa kushoto. Asubuhi ya sita, wa kulia. Mwajabu hakuweza tena kusimama. Alikaa alipowekwa, mwepesi, akitazama mlango wa uani. Na nje, kila sauti ya kach ilipokoma, kitu kilikuwa kimeongezeka. Kwanza mkono ulikuwa na mguu chini yake. Kisha ilikuwa miguu miwili, ikijifunza kutembea, ikipepesuka kutoka mgomba hadi mgomba kama mtoto anayeanza.

Nyamwihura alikuja siku hiyo hiyo na kikapu cha ndizi.

"Shikamoo, bibi," Mwanahalima alimwamkia, bila nguvu.

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo?" Akamwinua Mwajabu kama alivyozoea, na mtoto akamporomokea mikononi kama unga uliokandwa. Mjane yule alimrudisha mkekani kwa uangalifu mkubwa, akaenda mlangoni, akasikiliza. Kach. Akaita nje maneno ya Kinyambo, taratibu, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake. Akangoja. Akaita tena.

"Haitikii," alinong'ona, akafunga mlango. "Pepo wa kwetu ningezungumza naye, ningempelekea pombe yake, tungeelewana. Huyu hajui Kinyambo, mwanangu. Huyu ameitwa kwa maneno yenu. Mleteni mwalimu wenu, tena leo."

Abdulghani alikwenda Kituntu mbio. Aliporudi na Mwalimu Shehe, mkono wa kulia nao ulikuwa umekwisha kwenda, na Mwajabu alikuwa kichwa na macho makubwa juu ya kitu laini kilichofungwa rubugo.

Mwalimu hakuomba maji wala kiti. Aliomba jembe. Wakafukua nyuma ya jiko. Udongo wa juu haukuwa umeguswa, alama ya mguu wa Abdulghani ilikuwa bado pale, lakini ngozi ilikuwa tupu kama mfuko. Kilichobaki ndani kilikuwa fuvu peke yake.

"Mifupa iliyosomewa jina la Mungu ni chakula cha majini," Mwalimu alisema wakati wameketi ndani, milango imefungwa. "Jini akipata mfupa uliotupwa, huula akaenda zake. Lakini mfupa huu ulisomewa na jina la mtoto. Ameula na jina, na jina ndilo linalomwonyesha mingine ilipo. Sasa anajijenga. Kesho atataka kichwa." Akamgeukia Mwanahalima. "Wewe ndiye uliyekuwa jikoni. Upo uliovunjika?"

Abdulghani alimtazama mkewe. Nyamwihura, kutoka pembeni, alimtazama pia.

"Upo," Mwanahalima alisema. "Mmoja. Ulianguka, ukavunjika kwenye jiwe la jiko. Niliogopa kusema."

"Ukavitupa vipande?"

"Nikavitupa."

"Vizuri umesema. Na uboho wake?"

Mwanahalima aliinama, akasogeza kuni motoni.

"Nisikilize vizuri, mwanangu," Mwalimu akaendelea, "kwa maana hapa ndipo penye hatari. Kama uboho ulipotea, kazi yangu ni nyepesi. Nitasoma, kila mfupa utarudi kwa mwenyewe, na jini atatoka mikono mitupu. Lakini kama mtoto aliula, basi yeye na jini wamekula mfupa mmoja, yeye ndani, mwenzake nje. Dua hii haitawatenganisha. Itamtoa mmoja na kumbakiza mmoja, na mimi sina uwezo wa kuchagua ni yupi. Ingenibidi nitafute njia nyingine, ndefu zaidi, ila ipo. Uboho ulikwenda wapi?"

Mwanahalima alifumbua kinywa. Alimwona mumewe, ndevu zake zimeingia vumbi la njia ya Kituntu, na katika uso wake palikuwa tayari na kitu kilichoanza kujifunga. Kwa mkono wa huyu, mama mkwe alikuwa amesema. Mbele ya watu.

"Ulimwagika majivuni," alisema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaomba kalamu na sahani nyeupe.

Alfajiri walikuwa tayari. Aya zilikuwa zimeandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na Mwajabu akanyweshwa kombe kwa kijiko. Ubani ulifukizwa pembe zote. Mwanahalima aliketi katikati ya chumba, mtoto mapajani, na taa ya mafuta mbele yao. Mwalimu alisimama karibu na mlango wa uani, akauacha wazi.

"Chochote utakachokiona," alimwambia, "usimwite mtu kwa jina."

Ukungu ukaja, na ndani yake kitu kikaja, kikitembea vizuri sasa, hatua fupi za mtoto anayejua anakokwenda. Kikasimama kizingitini. Mikono miwili, miguu miwili, tumbo dogo la mviringo, kitovu. Juu ya mabega palikuwa peupe, ukungu ukizunguka. Meno hayakuwepo, kinywa hakikuwepo, hata hivyo kach ilisikika kutoka pale pasipo na kichwa, na Mwanahalima akahisi kichwa cha Mwajabu kikilegea kwenye kiganja chake, kikilegea kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mwalimu akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kisha kwa haraka, kisha kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa mzee yule alikuwa nayo, na kile kitu kikayumba, kikarudi nyuma hatua moja, kikaja hatua mbili, na ukungu ukaingia pamoja nacho, ukaingia kama maji yanavyoingia mtumbwini, ukafunika taa, ukafunika mkeka, ukafunika uso wa mtoto na mikono ya mama iliyomshika, mpaka Mwanahalima akawa hajui tena anachokishika ni nini wala kinamalizikia wapi, na ndani ya weupe ule Mwalimu akapaza sauti, "Mmoja abaki, mmoja atoke!" na watoto wawili wakalia kwa pamoja, kilio kimoja, sauti moja, kulia kwake na kushoto kwake.

Kisha akalia mmoja tu, mapajani. Mikono miwili yenye nguvu ikamkumbatia shingoni.

Ukungu ulipotoka walimwona Mwajabu amesimama mwenyewe. Abdulghani alilia waziwazi. Nyamwihura aliipapasa mifupa ya mtoto mmoja mmoja kama anayechagua kuku sokoni, akacheka, akajifuta machozi. "Mzima," alisema. "Mzima kabisa. Na joto lake!"

"Kile kingine kilicholia kilikuwa nini?" Mwanahalima aliuliza.

"Jini akitoka," Mwalimu alijibu. "Hulia hivyo."

Asubuhi iliyofuata Abdulghani alimsindikiza Mwalimu Kituntu. Kabla ya kuondoka alimshika mkewe bega, akasema, "Yamekwisha, mke wangu. Makosa ya jikoni hayo." Akaondoka, na ukungu ukamfunika kabla hajafika njiani.

Mwanahalima alipika uji. Mwajabu alikuwa ameamka zamani. Rubugo ilikuwa imetupwa chini kando ya kitanda. Alikuwa amelala bila kufunikwa usiku kucha, na alipomgusa alikuwa wa moto kama mkate uliotoka jikoni. Amepona na kifua pia, Mwanahalima alijiambia. Mtoto aliushika uji kwa mikono miwili. Alikunywa wote. Alipoambiwa anawe, alinawa.

"Mwajabu," mama yake akamwita, kwa kujaribu tu.

Akaja mara moja.

Ndipo Mwanahalima alipoisikia. Ilitoka migombani, chini, kwa kimo cha mtoto wa miaka miwili. Haikuwa kach. Ilikuwa ndogo, ya haraka. Ta-ta-ta-ta. Ilikoma kama inavyokoma mtoto anapojikunja, ikaanza tena.

Aliokota rubugo. Akatoka nje bila viatu, majani yakimpiga usoni kwa maji baridi, akaifuata sauti mpaka mgomba wa kwanza, na ilikuwa kwenye wa pili. Mpaka wa pili, na ilikuwa mbele zaidi. "Uboho nilimlisha mimi!" alisema, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kelele, akiuambia ukungu, akimwambia Mwalimu aliyekuwa njiani kwenda Kituntu, akimwambia mumewe. "Haukumwagika! Nilimlisha mimi, kwa mkono wangu!" Migomba ilidondosha maji. Ta-ta-ta, mbali kidogo.

Nyuma yake, nyumbani, komeo la mlango wa uani likasukumwa. Lilikuwa juu, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Mwajabu!" aliita ndani ya ukungu, rubugo imetandazwa mikononi. "Mwajabu, mama!"

"Abee, mama," ikajibu sauti tamu, ya utii, kutoka nyuma ya mlango uliofungwa.

Na huko mbele meno yakaendelea kugongana, yakipungua, yakipungua, kutoka mgomba hadi mgomba.